Mtoto anasoma mbali, kazi yake iko wapi?

Sisi watumikaji wa mugodi tunauzisha shamba, tunakopa, juu mtoto aende kusoma China ao Afrika ya Kusini. Akimaliza, harudi. Tusimulaumu mbio. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote, lakini sehemu kubwa inamalizikia kusafishwa China. Mwenye masomo anafuata kiwanda. Hapa Kolwezi, enjenieri kijana anapewa kontra ya miezi michache tu. Sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya watu wa jirani. Tuombe sehemu ilipe masomo, na kazi ya kurudilia iandikwe mbele mtoto hajapanda ndege. Ndugu, delege wenu wanasema nini juu ya ile?