Unene wa Maskini: Tusiwacheke Watu wa West Virginia



Wiki chache zilizopita tulikuwa kwenye harusi ya kijana wetu hapa Columbus, Ohio. Kama ilivyo desturi yetu, wanaume tulijikusanya pembeni na sahani zetu za pilau, mazungumzo yakaanza na siasa za nyumbani, na kutoka hapo yakahamia kwa hawa wenyeji wetu Wamarekani. Kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha video ya mama mmoja mnene kupita kiasi, amekaa kwenye kigari cha umeme ndani ya supamaketi, kapu limejaa soda na chipsi. Maelezo yalisema ni West Virginia. Tulicheka, na mimi nilicheka, sitawadanganya. Kisha bwana mmoja mtu mzima akasema: "Hawa wanakufa kwa shibe. Wangeonja njaa ya kwetu siku mbili tu wangepona."

Neno lile limenikaa kooni. Mimi ni dereva wa lori, na West Virginia naipita karibu kila wiki, barabara kuu ya 77 kutoka Charleston kwenda Beckley mpaka Bluefield, na mara nyingine naingia ndani kabisa, huko kwenye mabonde ya makaa ya mawe, kushusha mizigo. Nilichokiona huko si shibe. Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu nadhani tunawasoma vibaya hawa watu, na tukiwasoma vibaya hawa tutajisoma vibaya na sisi wenyewe.

Kwanza takwimu. Kwa hesabu za kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa za mwaka 2023, asilimia 41 ya watu wazima wa West Virginia wana unene wa kupindukia, kiwango cha juu kuliko jimbo lolote la Marekani. Na kumbukeni kuwa takwimu hizi hupatikana kwa kupigia watu simu na kuwauliza urefu na uzito wao. Ni nani kati yetu anayetaja kilo zake zote kwenye simu? Jimbo lenyewe lina watu kama 1,770,000, halina jiji kubwa hata moja, ni milima, misitu na vijiji vilivyojibana mabondeni.

Sasa linganisheni na Colorado. Nako ni milima, tena mirefu zaidi. Mwaka huohuo Colorado ilikuwa na asilimia 25 hivi, ikawa miongoni mwa majimbo yenye watu wembamba kuliko yote. Je, Mungu aliwaumba watu wa Colorado na nidhamu na wa West Virginia na ulafi? Tofauti mtaiona mkifungua pochi: kipato cha kaya ya kawaida ya Colorado kinakizidi cha West Virginia kwa zaidi ya nusu. Katika nchi hii, ndugu zangu, wembamba umekuwa mali ya wenye nacho. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kitambi ni dalili ya pesa inatuwia vigumu kulielewa hili, lakini ndivyo lilivyo.

Niwapeleke McDowell, kaunti iliyoko pembe ya kusini kabisa ya jimbo. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 100,000. Sensa ya 2020 ilikuta 19,000 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 jimbo zima lilikuwa na wachimba makaa zaidi ya 100,000. Leo hawafiki 20,000. Walioondoa kazi zile kwa wingi ni mashine. Makaa yaliendelea kutoka kwa mamilioni ya tani, lakini mikono iliyohitajika ikawa michache zaidi kila mwaka, na baadaye gesi ya bei rahisi ikaja kummaliza aliyebaki.

Mchimba makaa wa zamani alikuwa akishuka chini ya ardhi na koleo, anatoka jioni hana nguvu ya kuinua mkono. Mtu wa namna hiyo lazima ale: viazi vya mafuta, maharage na mkate wa mahindi, mchuzi mzito wa unga na soseji. Huko Fairmont kuna mkate uliooshwa jina la jimbo hilo mpaka leo, mkate laini uliotiwa soseji kavu ndani (ndugu Waislamu mnisamehe kwa kuutaja), uliobuniwa mwaka 1927 ili mchimbaji aweze kuula kwa mkono mmoja akiwa mgodini bila kupasha moto. Kilikuwa chakula cha kazi. Kazi ikaondoka, chakula kikabaki, na hakuna serikali iliyokuja kumwambia mtu yule: sasa badala ya koleo tunakupa hiki.

Kilichokuja ni msaada. Rais Kennedy alipokuwa akiomba kura mwaka 1960 alizunguka mabonde hayo na alichokiona kilimshtua. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Mei 1961, stempu za kwanza za chakula katika mpango wake wa majaribio zilitolewa Welch, makao makuu ya McDowell, kwa mchimba makaa aliyepoteza kazi na mkewe, wenye familia kubwa ya watoto. Cha kwanza walichonunua kilikuwa kopo la maharage na nyama ya nguruwe. Kwa hiyo kaunti inayochekwa leo kwa unene ndiyo hiyohiyo iliyofungua mlango wa msaada wa chakula Marekani kwa sababu ya njaa. Njaa na unene vimekaa kwenye nyumba moja, na hata leo takriban mtu mmoja kati ya sita katika jimbo hilo ananunua chakula kwa kadi ya msaada.

Ananunua wapi? Hapa ndipo nilipopata somo langu. Januari 2016 Walmart ilifunga duka lake kubwa la McDowell, huko Kimball, lililokuwa linauza matunda na mboga na pia kuajiri watu wengi. Ukipita leo unakuta vituo vya mafuta na yale maduka madogo ya bidhaa za bei chee. Nimeingia mara kadhaa kutafuta chakula cha njiani. Rafu za biskuti, chipsi na soda zinakwenda mpaka ukutani. Ndizi nilizikuta siku moja kwenye kaunta, nyeusi, zikiuzwa moja moja. Mama asiye na gari, au mwenye gari bovu, ataendeshwa na nani kwenye kona zile za milima kwenda kutafuta mchicha kaunti nyingine?

Mtasema basi watembee, mazoezi ni bure. Njooni mtembee. Barabara za mabondeni ni nyembamba, upande mmoja mlima na upande wa pili mto, njia ya waenda kwa miguu hakuna, na lori la makaa likikupita unasikia upepo wake kifuani. Mimi mwenye lori nawaogopea wale ninaowaona pembeni. Na maji je? Januari 2014 tangi la kemikali lilivuja kwenye mto Elk karibu na Charleston, na watu kama 300,000 wakaambiwa wasinywe, wasipikie, wasioge maji ya bomba. Mzazi aliyepitia hayo akimpa mwanawe soda badala ya maji ya bomba, mimi sina ubavu wa kumhukumu.

Sasa tuje kwenye siasa, maana hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Viongozi wa jimbo wanajua tatizo, na wamejaribu mambo. Mwaka 2006 walitangaza kupeleka mchezo wa kompyuta wa kudansi katika shule zote za umma, 765, ili watoto watikisike mbele ya televisheni. Si vibaya. Lakini kituko kikubwa kilikuja mwaka 2018. Walimu walikuwa wanalia mshahara, ambao ulikuwa miongoni mwa ya chini kabisa nchini, na gharama za bima yao zilikuwa zinapanda. Bima ya watumishi wa serikali ikaja na mpango: kila mtumishi ajiunge na programu ya kuhesabu hatua na mazoezi yake, akusanye pointi, na asiyekusanya alipe dola 25 zaidi kwa mwezi. Yaani mwalimu anayefanya kazi ya pili usiku ili alishe watoto wake, aambiwe serikali inahesabu hatua zake!

Mpango ulirudishwa kabatini baada ya kelele, lakini hasira haikurudi. Tarehe 22 Februari 2018 walimu na wafanyakazi wa shule waligoma katika kaunti zote 55, mpaka wakapata nyongeza ya asilimia 5 kwa watumishi wote wa jimbo. Na kuna jambo moja la mgomo ule ambalo nalipenda kuliko ushindi wenyewe. Kabla ya kugoma, walimu walifunga mifuko ya chakula wakawagawia wanafunzi, kwa sababu walijua wako watoto ambao shule ikifungwa hawali. Hao ndio watu wanaokufa kwa shibe.

Halafu soda. Sikilizeni hii. Tangu mwaka 1951 West Virginia ilikuwa na kodi ya soda, senti moja kwa chupa ya nusu lita, na fedha zake zilikwenda kujenga na kuendesha shule ya udaktari ya chuo kikuu cha jimbo huko Morgantown. Jimbo la makabwela lilijenga shule ya madaktari kwa senti za soda! Kodi ile haikupandishwa kwa miaka yote hiyo, na kuanzia Julai 2024 ikafutwa kabisa. Kisha kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kwa kibali cha serikali kuu, wanaotumia kadi ya msaada wa chakula wakazuiwa kununua soda kwa kadi hiyo.

Tafadhali someni tena mfuatano huo polepole. Kampuni za soda ziliondolewa kodi, maskini akawekewa marufuku. Mimi soda siitetei, ni sukari na maji, na kama kadi ile haimnunulii mtu sukari ya chupa sitaandamana. Lakini kama serikali ingeamini kweli kuwa soda inaua, ingeanza na muuzaji. Ingeongeza ile senti iwe senti kumi, ikapeleka fedha kwenye mabomba ya maji na maduka ya mboga ya McDowell. Badala yake imekagua kapu la mama wa kwenye video, kwa sababu mama huyo hana wakili.

Hata dawa mpya zimefuata mkondo huohuo. Bima ile ya watumishi ilijaribu kulipia sindano za kupunguza uzito kwa watu kama 1,000. Machi 2024 ikasitisha majaribio kwa sababu ya gharama. Jimbo linaloongoza kwa unene halikuweza kumudu bei ya dawa inayotengenezwa kwa kampuni tajiri za dunia. Mwenye pesa zake anaendelea kuchomwa.

Sasa sisi. Kwa takwimu za afya za Tanzania, wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 11 mwaka 1991-92. Kufikia 2015-16 walikuwa asilimia 28. Hakuna mgodi uliofungwa, lakini mambo mengine mnayatambua: chipsi mayai, soda kila duka, bodaboda mpaka mlangoni, na mafuta ya kupikia tunayomimina bila kupima. Na sisi wa majuu tuna mchango wetu. Tukirudi likizo tumekonda, shangazi anauliza kama tunaumwa. Tukirudi tumenenepa, tunaambiwa maisha yametukubali. Tunatuma pesa, na pesa zile sehemu kubwa zinaliwa. Nilipompigia mama yangu kumwambia apunguze sukari kwenye chai alinijibu, "Mwanangu, nimeinywa chungu miaka ya shida, leo wewe uko Marekani niinywe chungu tena?" Sikuwa na jibu.

Na mimi mwenyewe? Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 kwa siku, na saa hizo zote nimekaa. Nakula ninachokikuta kwenye vituo, yaani kilekile anachokula mtu wa McDowell. Mwaka jana nilipokwenda kupimwa kwa ajili ya leseni, presha yangu ilikuwa imepanda, nikapewa kadi ya afya ya mwaka mmoja badala ya miwili. Inaisha mwezi ujao. Kilo zangu sizitaji hapa, kama ambavyo nisingezitaja kwenye simu. Lakini yule bwana wa harusini, ambaye najua anasoma ukurasa huu, aliniona na sahani ya pili ya pilau, na yeye alikuwa kwenye ya tatu.

Nawasilisha.