Ukiweka "Meza", Utakuta Meza

"Chagueni neno lolote," alituambia mwalimu wa tafakuri, tukiwa tumekaa kwenye mikeka. "Hata 'meza' linafaa. Kinachofanya kazi ni kule kurudia." Tukacheka, tukafumba macho. Mimi nikachagua "moja", na nimelitumia miaka miwili. Leo nataka kubishana naye.

Nikiri kwanza kwamba vipimo viko upande wake. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, aliwapima wafuasi wa mafunzo ya Maharishi Mahesh Yogi, ambao kila mmoja hupewa mantra yake faraghani na kuombwa asiitaje. Katika kitabu chake cha 1975, The Relaxation Response, akaeleza kwamba siri hiyo haihitajiki: kaa kimya, na kila unapotoa pumzi sema "moja" kimoyomoyo, mwili utatulia vilevile. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya kuwapima watu 23. Waliposoma Salamu Maria kwa Kilatini, au mantra ya Om mani padme hum, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika. Dini mbili, pumzi zilezile.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba sauti fulani ina nguvu ambayo nyingine haina, mdai ushahidi. Mapafu hayajui Kisanskriti.

Lakini angalia jinsi hoja inavyoruka hapo. Kwamba mwili hautofautishi maneno ni jambo moja. Kwamba maneno hayana tofauti ni jambo jingine kabisa. Anayeketi kwenye mkeka si mapafu matupu.

Bibi yangu alikuwa na uradi wake: "Ya Latifu", yaani Ewe Mpole, mara 129 kila alfajiri baada ya kuswali. Idadi hiyo ndiyo jumla ya herufi za jina hilo kwa hesabu ya abjadi. Tasbihi yake ilikuwa ya shanga 33. Aliizungusha mara tatu, kisha akahesabu 30 za mwisho. Utotoni nilidhani anahesabu madeni.

Usiku wake wa mwisho hospitalini nilikaa kwenye benchi la ukumbini, nikafumba macho, nikaanza: moja, moja, moja. Pumzi ikatulia kweli, kama Benson alivyoahidi. Nami nikabaki pale, nimetulia, mkiwa vilevile. Neno langu halikumjua mtu yeyote. Halikuwahi kutamkwa kwenye hitima ya babu, wala kunong'onwa juu ya kichwa changu nilipokuwa na homa. Ndani ya wodi, bibi hakuweza tena kusema sentensi, ila midomo ilikuwa inacheza. Nesi alidhani anaomba maji. Mimi nilijua anachosema, nikamshika mkono, nikasema naye. Sikuhesabu.

Mtaniambia hiyo ni dini, wala si tafakuri. Basi asiye na dini achukue jina la mtu aliyemlea, au la mto wa kwao. Benson mwenyewe, katika kitabu cha 1984, alishauri watu wachague neno lenye mizizi katika imani yao, maana wataendelea nalo kwa moyo zaidi. Mimi naona hilo bado ni dogo. Kuendelea na zoezi si kitu kikubwa. Kubwa ni kwamba neno unalolirudia kila siku ndilo litakalokuja mdomoni siku ambayo huna nguvu ya kuchagua.

Mwalimu wangu alitufundisha kutulia, nami namshukuru. Lakini kuna usiku ambao utulivu hautoshi, na usiku huo mtu hufungua alichojiwekea akiba. Ukiweka "meza", utakuta meza.