Kipindupindu: Sadaka Yako Ianzie Mlangoni Kwako

Kila masika yakikaribia tunaulizwa swali hili: kipindupindu kikiingia mtaani, mtu asiye daktari wala tajiri atawasaidiaje wenzake? Wengi wetu tukisikia neno kusaidia tunafikiria kutoka: kwenda kukaa na wafiwa, kujumuika, kula nao sinia moja. Hayo ni mema, na katika siku za kawaida hakuna anayeyakataza. Lakini kwa ugonjwa huu mimi nasema wazi: msaada mkubwa kuliko yote ni ule unaoufanya ukiwa nyumbani kwako, na mikusanyiko yetu ya kula pamoja ndiyo inayoweza kuutoa ugonjwa nyumba moja na kuupeleka kumi.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Uliipiga Unguja vibaya mwaka 1869 na 1870. Janga la saba la dunia lilianzia Indonesia mwaka 1961, na hadi leo halijatangazwa kwisha. Ni hilo hilo lililotufikia Agosti 2015, likaanzia Dar es Salaam, likaenea mikoani na Zanzibar, na wagonjwa wakapita 20,000. Majirani zetu wa Malawi walizika zaidi ya watu 1,700 katika mlipuko wa 2022 na 2023.

Vimelea vyake hutoka katika kinyesi na matapishi, vikaingia kwa njia ya mdomo, kwa maji, chakula au mikono. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: watu wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, na huku wanatoa vimelea kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo usiseme, "Kwangu hakuna mgonjwa, hayanihusu." Huenda aliyebeba ni wewe.

Kwanza: usimdhuru jirani

Kabla ya kuuliza utampa nini jirani, uliza unampelekea nini. Tunajua sote yanayofanyika mvua kubwa ikinyesha: mtu anazibua shimo la choo, anatapisha uchafu uende na maji ya mvua. Kwake kumekuwa safi. Kwa mwenzake wa bondeni, mwenye kisima kifupi na watoto wadogo, umeingia mauti. Mtu huyo huyo asubuhi yuko safu ya kwanza, na Ramadhani anagawa tende.

Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na Jibril aliusia juu ya jirani hata Mtume akadhani atamfanya mrithi. Basi gharama ya kuleta gari la kunyonya choo kabla ya mvua ihesabu katika haki za jirani. Kama huna uwezo peke yako, nyumba tatu nne zichangiane. Hiyo ni sadaka ambayo hakuna atakayekupigia makofi, lakini huenda ikaokoa watoto wa mtaa mzima.

Pili: maji na ORS

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu angalau dakika moja, au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na yamiminwe. Kopo lisichovywe ndani. Ukiwa na mkaa au gesi ya kutosha, chemsha na ya bibi anayeishi peke yake nyumba ya pili. Dumu moja kwa siku halikupunguzii kitu.

Weka pakiti za ORS nyumbani na majirani wajue kuwa kwako zipo. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Usizidishe chumvi. Koroga, mpe mgonjwa kidogo kidogo: mtu mzima glasi kila baada ya kuharisha, mtoto chini ya miaka 2 robo hadi nusu glasi. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Lakini ORS ni ya kunywa njiani, isikufanye ukae. Mwenye kuharisha maji yanayofanana na maji yaliyooshea mchele anaweza kufa kwa masaa machache. Akiwahi kituoni na kutibiwa sawasawa, wanaokufa hawafiki mmoja katika mia. Kwa hiyo msaada mwingine wa nyumbani ni simu yako: mjulishe mjumbe au zahanati, mwite mwenye bajaji, mtumie nauli. Kisha osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Matapishi, nguo na choo alichotumia vitakaswe kwa dawa ya klorini kama bwana afya atakavyoelekeza.

Tatu: msiba

Hapa najua baadhi yenu mtakunja uso. Mtu amefariki kwa kipindupindu, na siku ya tatu tunapika hitma, watu mia wanakula kwa mkono, maji ya kunawa ni beseni moja linalopita kwa wote. Tunaomba dua kwa marehemu huku tunawatafutia wengine njia ya kumfuata.

Tuirudie sunna. Jaafar (r.a.) alipouawa, Mtume (s.a.w.) aliwaagiza watu wawapikie chakula ahli zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Chakula kilikwenda kwa wafiwa, hakikutoka kwao. Basi pika kwako, funika, kipeleke kikiwa cha moto, na urudi ukale kwako. Dua isomeni kila mtu nyumbani kwake, kwani haihitaji sinia ili ipae. Maiti aoshwe chini ya uangalizi wa watu wa afya, na aliyeosha asishike sufuria.

Atakuja wa kusema hii ni kukimbia qadari. Umar (r.a.) aliambiwa maneno hayo hayo na Abu Ubayda (r.a.) alipoamua kutoingia Sham penye tauni, naye akajibu kuwa wanaikimbia qadari ya Allah kuiendea qadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akawapa hadithi ya Mtume, kwamba penye tauni msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Na usiku wa baridi na mvua Mtume alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani kwao. Kama swala ya jamaa ilipewa ruhusa hiyo kwa ajili ya mvua, pilau la hitma halina hoja.

Nne: ulimi

Tunauita ugonjwa wa watu wachafu. Matokeo yake, mama anaharisha tangu alfajiri, anafichwa ndani mpaka adhuhuri kwa kuogopa mtaa utasemaje, na anapofika kituoni mishipa imeshalala, hata pa kuchoma dripu hapaonekani. Aibu hiyo tumeitengeneza sisi kwa vinywa vyetu. Mara nyingi mchafu si yule aliyeugua, ni yule aliyetapisha choo juu yake. Kwa hiyo usitaje nyumba ya mtu wala usisambaze habari usizozihakikisha. Ukisikia mtu anaharisha, nenda mlangoni ukiwa na pakiti ya ORS, umwambie mwenye nyumba, "Ndugu yangu, mtoe mgonjwa sasa hivi, nauli hii hapa."

Ombi langu ni dogo. Wiki hii, kabla mvua haijaanza, baba na mama wakae na watoto, waangalie shimo la choo, ndoo ya maji, pakiti za ORS na namba ya simu ya zahanati. Kisha chagueni nyumba moja jirani, hasa ya mjane, mzee au mgonjwa, muwe ndio wa kuiulizia hali kila asubuhi. Kila nyumba ikiwa na nyumba yake, mtaa mzima umelindwa.

Allah atukinge na atuponyeshee wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.