Mpingo Umo Ndani ya Kompyuta, Mwenye Mpingo Hayumo

Anayetunga muziki kwa kompyuta leo hana haja ya kumwona mpiga fidla. Hufungua programu, huchagua jina la ala, hubonyeza kinanda kidogo kilichounganishwa na kompyuta, na okestra nzima humwitikia. Wengi mnaosoma ukurasa huu mmezisikia okestra hizo bila kujua: kwenye tamthilia za televisheni, kwenye matangazo ya benki, kwenye nyimbo za kampeni, na kwenye utangulizi wa nyimbo nyingi za kwaya zinazorekodiwa siku hizi. Sina ugomvi na chombo hicho. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, watu wa kusini hasa, ambao tumo ndani yake kama mbao na hatumo kama wenye sauti.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana watumishi wa serikali wanaonisoma aghalabu hudhani kuwa kompyuta ndiyo inayotengeneza sauti ile. Haitengenezi. Maktaba ya okestra ni ghala la rekodi. Mpiga klarineti huketi ukumbini mbele ya maikrofoni kadhaa, moja karibu naye, nyingine mbali, akapiga nota moja. Huipiga kwa upole, kisha kwa nguvu ya wastani, kisha kwa nguvu zote. Kila hatua huirudia mara kadhaa, ili mtunzi atakapobonyeza kitufe kimoja mara nne mfululizo, sikio lisigundue kuwa linasikia rekodi ileile. Kisha huhamia nota inayofuata, na baadaye hurekodi hata ule mtelezo wa kutoka nota moja kwenda nyingine. Kazi hiyo ikizidishwa kwa ala zote za okestra, huzaa mafaili ya kujaza diski nzima. Toleo kamili la maktaba ya BBC Symphony Orchestra, iliyotolewa na kampuni ya Spitfire Audio mwaka 2019 baada ya kurekodiwa katika studio za Maida Vale, London, linahitaji takriban gigabaiti 600, na lilipoingia sokoni bei yake ilikuwa karibu dola 1,000. Toleo dogo hutolewa bure. MuseScore, programu ya kuandika nota ambayo watunzi wetu wa kwaya wameizoea, nayo tangu Desemba 2022 imekuwa na okestra yake isiyolipiwa. Kwa hiyo hoja ya umaskini, ambayo tumeizoea kama ngao ya kila uzembe, haina nguvu sana hapa. Kijana mwenye kompyuta mpakato ya mtumba na vifurushi vya intaneti anaweza kuwa na fidla arobaini leo jioni.

Turudi kwa mpiga klarineti yule. Ala aliyoishika imechongwa kwa mpingo. Klarineti na obo za okestra kubwa za Ulaya na Marekani, pamoja na mirija ya zumari za Waskoti, kwa sehemu kubwa ni mpingo, na mpingo wa kibiashara hutoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mti huu huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Ukifika kiwandani, kwa kawaida ni chini ya sehemu moja ya kumi ya gogo inayofaa kuwa ala. Sehemu nyingine ina nyufa, mashimo, au ule mti mweupe wa nje usiotakiwa. Kipande kinachosalia husafirishwa, huchongwa, hupigwa mbele ya maikrofoni, hugeuzwa kuwa namba, na hurudi Lindi kwa njia ya simu. Safari ndefu namna hiyo, na katika kila kituo yupo anayemiliki kitu: mwenye kiwanda, mwenye karakana, mwenye studio, mwenye programu. Mwenye msitu alilipwa gogo.

Nyumbani kwetu Rondo, kwenye uwanda ulioinuka kwa karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko mjini. Wasomaji wengi walilisikia jina la Rondo Mei 2023, Bernard Membe alipozikwa pale. Wanabiolojia wanapajua kwa komba mdogo anayeitwa kwa jina la mahali hapo. Wakoloni walipajua kwa mivule, wakaikata. Mimi napajua kwa kwaya zake. Agosti iliyopita kijana mmoja wa kwaya alinisikilizisha utangulizi alioutunga mwenyewe: klarineti, fidla, pembe, umepangwa kwa utaratibu unaostahili heshima. Nikamuuliza ngoma ziko wapi. Akanijibu, “Mwalimu, ngoma zilizomo humu ni za Afrika Magharibi.”

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kampuni ya Native Instruments ya Berlin, watengenezaji wa Kontakt, programu inayotumika kufungulia maktaba nyingi za aina hii, ina mfululizo wa ala za dunia. Imo Kuba, imo India, imo Bali, imo Mashariki ya Kati, imo Afrika Magharibi pamoja na kora, balafoni na djembe zake. Sikasiriki kwamba Wamandinka wamefika, nawapongeza. Nakasirika kwamba mtunzi wa Rondo akitaka kuweka “Afrika” katika wimbo wake analazimika kukopa Mali au Senegali, ilhali likuti na vinganga vya Wamakonde vinapigwa ng'ambo ya bonde la Lukuledi, na ngoma za Wamwera wenzake zinasikika kutoka dirishani kwake msimu wa jando.

Wala si mara ya kwanza sauti za huku kunaswa. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka bandari ya Lindi akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Alipanda kwa bonde la Lukuledi, chini ya uwanda wetu, hadi Masasi na Newala, akinasa nyimbo kwenye mitungi ya nta. Mitungi ikaenda Ujerumani. Miaka mitatu baadaye ukaanza uchimbaji wa Tendaguru, na hadi 1913 wapagazi walikuwa wamebeba zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi wa kale hadi pwani, tayari kwa safari ya Berlin. Kuhusu mifupa, wabunge wetu wameuliza maswali na mawaziri wamejibu. Kuhusu mitungi, kimya. Mfupa una uzito, unaonekana, unapigwa picha na watalii. Sauti ya bibi aliyeimba Newala mwaka 1906 haimsumbui mtu.

Wapo watakaoniambia kwamba kanda za Radio Tanzania zipo, maelfu ya saa za ngoma kutoka kila mkoa. Zipo, na ni hazina, na zinastahili kutunzwa vizuri zaidi. Lakini wimbo uliorekodiwa mzima ni wa kusikilizwa. Hauwezi kupigwa upya. Mtunzi anahitaji likuti peke yake, katika ukimya, pigo kwa pigo: katikati ya ngozi, ukingoni, kwa kiganja, kwa vidole, pole na kwa nguvu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na kwa ngoma zetu bado haijafanywa kwa kiwango kinachostahili.

Wengine husema programu hizi zinawanyang'anya wapigaji riziki. London na Los Angeles huenda hoja hiyo ina uzito. Kwetu, okestra iliyouawa ni ipi? Kinshasa wana Okestra ya Kimbanguiste tangu 1994, iliyoanza kwa watu kupokezana ala chache na kufunga waya wa breki ya baiskeli pale uzi wa fidla ulipokatika. Okestra ile haikungoja ruhusa ya kompyuta na haitauawa na kompyuta. Hatari ninayoiona mimi ni ya sikio. Programu hizi hufunguka zikiwa zimewekwa ngazi ya Ulaya, oktava imegawanywa sehemu 12 zinazolingana. Mpiga kanuni wa taarabu ya Zanzibar atakwambia kuwa baadhi ya sauti zake haziketi kwenye vitufe hivyo. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliizungusha duniani, nayo haiketi. Upimaji unaweza kubadilishwa ndani ya programu, lakini nani hubadilisha? Mtunzi akiishi miaka kumi na vitufe vile, ataanza kumsikia nyanya yake kama mtu anayeimba vibaya.

Sasa nifike kwenye sheria, kwa kuwa ndipo penye kidonda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Nia yake ni njema: anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake aombe idhini. Lakini idhini imewekwa mikononi mwa chombo cha taifa, si cha kijiji. Tena, pigo moja la ngoma si wimbo. Halina maneno wala mtunzi. Kampuni ikija Rondo kesho, ikawalipa wazee posho ya siku mbili na kurekodi mapigo elfu tatu, mwanasheria wake atasema hakuna ngoma ya jadi iliyochukuliwa, ni milio tu. Na rekodi ni mali ya aliyeirekodi. Baada ya mwaka mmoja tutanunua milio yetu kwa dola.

Tunao mfano bora, na uko Kilwa. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kuuwekea mpango wa uvunaji, kupanga bei na kubaki na mapato. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza barani Afrika kupata cheti cha FSC kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, na mpingo wao ukauzwa kwa masharti yao. Watu waliodhaniwa hawawezi kusoma ramani waliweza kupima miti, kuandika hesabu na kumkatalia mfanyabiashara. Nauliza basi: kijiji kilichoaminiwa na gogo la klarineti, kwa nini kisiaminiwe na mlio wa ngoma?

Wanafunzi wangu wa sanaa wanajua tayari namna ya kufanya. Maikrofoni mbili nzuri, chumba kilichotandikwa magodoro, na muundo wa wazi kama SFZ, usiomfunga mtumiaji kwa kampuni yoyote, vinatosha kuanza. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ina wapigaji na walimu. Mkondo wa amali katika shule zetu unatafuta kazi za mikono zenye soko. Hii ni mojawapo. Watunzi waliopakia nota zao kwa maelfu kwenye Swahili Music Notes ni wateja waliokwisha kusimama mlangoni. Kinachokosekana ni mkataba, na mkataba huo uandikwe kabla ya maikrofoni kuwashwa: rekodi iwe mali ya kijiji, leseni itolewe na mkutano wa kijiji, mpigaji alipwe kwa kazi na tena kwa mauzo.

Na mkataba uwe na haki ya kukataa. Zipo ngoma za unyago ambazo makungwi hawataki zisikike nje ya uwanja wake, na hawana wajibu wa kutueleza sababu. Weule hakuwapa nafasi ya kusema hapana. Mwanafunzi anayekwenda Rondo na kinasa sauti likizo hii awaulize kwanza makungwi ni ngoma zipi zibaki nyumbani, aandike orodha yao, aisaini pamoja nao. Afisa utamaduni wa wilaya, ambaye najua fungu lake la mwaka huu lina mstari wa mbio za mwenge na hauna mstari wa kurekodi, aitie muhuri orodha hiyo na kuiweka kwenye jalada moja na mkataba.