Kompyuta Ipimwe kwa Kazi Iliyopo

Mwaka 1994 makampuni mawili ya Marekani, Hewlett-Packard na Intel, yalishirikiana kuunda prosesa ya aina mpya, iliyokuja kuitwa Itanium. Pamoja na kuendesha mashine kubwa za makampuni, ilikusudiwa pia kompyuta za wahandisi, yaani zile za mezani zenye nguvu zitumikazo kuchora mitambo na kukokotoa uimara wa madaraja. Ilianza kuuzwa mwaka 2001.

Si haki kuwacheka walioibuni. Prosesa za kawaida huamua zenyewe, kazi ikiendelea, ni maagizo yapi yatekelezwe kwa pamoja. Itanium iliiondolea mashine mzigo huo na kuutwika programu inayofasiri maandishi ya mtaalamu kuwa maagizo ya mashine. Mfasiri huyo alitakiwa kuyafunga maagizo matatu matatu katika mafungu ya biti 128, kabla kazi haijaanza. Katika hesabu ndefu za kisayansi zenye mwendo unaotabirika, mpango huo ulifanya kazi vizuri sana.

Kazi nyingi, hata hivyo, hazitabiriki. Mfasiri hawezi kujua mapema ni lini data itachelewa kufika kutoka katika kumbukumbu. Jambo hilo hujulikana papo hapo tu, mashine ikiwa inatenda. Lililo baya zaidi ni kwamba programu ambazo watu walikuwa nazo tayari, zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa za x86, zilijikokota zilipowekwa katika Itanium. Mwezi Aprili 2003 kampuni ya AMD ikatoa Opteron, prosesa ya biti 64 iliyoziendesha programu hizo za zamani bila kuzipunguzia kasi. Mwaka 2004 Intel yenyewe ikaifuata njia hiyo, na mwaka huohuo Hewlett-Packard ikaacha kuuza kompyuta za wahandisi zenye Itanium.

Hasara haikuwa ya watengenezaji peke yao. Mwaka 2001 kampuni ya Compaq ilikuwa imetangaza kuiachia njia Itanium kwa kuisitisha Alpha, prosesa iliyosifika kwa kasi na iliyokwisha kuthibitishwa kazini. Waliokuwa na programu za Alpha waliambiwa wahame. Waliohamia Itanium wakajikuta, baada ya muda, wakitakiwa kuhama tena. Intel ilifunga uuzaji wake mwaka 2021.

Kosa lilikuwa la kupima kwa karatasi. Mtumishi anayekabidhiwa uchaguzi wa mashine za idara au za chuo hana budi kuomba moja ya majaribio, kuiwekea kazi halisi ya wiki iliyopita, kisha kutazama saa. Kampuni ya Apple ilipobadili prosesa mwaka 2020 ilitoa pamoja nayo programu ya kuziendesha zile za zamani kwa kasi inayoridhisha, na wateja wakafuata. Wanaoisifu sasa RISC-V kwa kompyuta za wahandisi waulizwe jambo hilohilo: mchoro ulioanzwa jana utafunguka kesho asubuhi?