BRISTOL WALIMNYIMA MGENI JEMBE

Ndugu wanachama, wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda sana, na kwenye mikutano huwa twaitumia kumkemea mvivu anayekula jasho la wenzake. Ni sawa. Lakini methali hii ina upande wa pili, nao hatuusemi. Ikiwa mgeni analo deni la kulima siku ya tatu, basi mwenyeji naye analo deni la kumpa jembe. Mwenyeji anayemlisha mgeni wali siku mbili kwa tabasamu, kisha siku ya tatu akalificha jembe uvunguni mwa kitanda, huyo hakumkaribisha mgeni. Amemdhalilisha.

Haya niliyafikiri sana nilipokuwa Bristol, mji wa bandari wa Uingereza. Kwanza nilikuwa huko mgeni wa siku mbili. Baadaye nikakaa miezi kadhaa, nikatafuta chumba, nikapanda mabasi asubuhi na watu wanaokwenda kazini. Nataka kuwaeleza tofauti niliyoiona baina ya kuuzuru mji na kuishi ndani yake, kwa maana tofauti hiyo yatuhusu hata sisi hapa.

Mgeni wa siku mbili huonyeshwa mambo mazuri, na Bristol kwa kweli unayo. Mji umejengwa kando ya mto Avon, ambao humwaga maji yake katika mkono wa bahari ya Atlantiki. Mtu wa pwani yetu akiona maji ya pale yanavyopwa na kujaa atashika kichwa, maana mdomoni mwa mto tofauti yake hupita futi 40. Zamani merikebu zilikuwa zikikwama katika matope mjini mpaka maji yarudi, ndiyo sababu mwaka 1809 wakamaliza kazi ya kuyafungia maji kwa milango, merikebu zipate kuelea saa zote. Mgeni huonyeshwa daraja la Clifton lililofunguliwa mwaka 1864, limening'inia juu ya bonde refu. Huonyeshwa meli ya chuma iitwayo Great Britain, iliyoshushwa majini hapo hapo mwaka 1843. Na katika mtaa wa Corn Street huonyeshwa meza nne ndogo za shaba, ziitwazo Misumari, ambazo juu yake wafanya biashara wa zamani walilipana fedha zao mbele ya watu.

Mimi nilisimama mbele ya meza zile nikaweka mkono juu yake. Shaba ni baridi, imelainika kwa mikono ya watu. Nikajiuliza: fedha zilizopita hapa zilitoka wapi?

Jibu halikufichika. Tangu mwaka 1698, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na ukiritimba wa biashara ya Afrika Magharibi ilipoupoteza, wafanya biashara wa Bristol waliingia kwa nguvu katika biashara ya kuuza watu. Mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, merikebu za Bristol zilikuwa zimefunga safari zaidi ya 2,000. Yakadiriwa zilichukua Waafrika nusu milioni. Zilitoka na vyombo vya shaba, nguo na bunduki. Zikapakia watu pwani ya Afrika Magharibi. Zikawashusha West Indies na Amerika. Zikarudi nyumbani na sukari na tumbaku. Wale watu nusu milioni hawakuuzuru mji wa Bristol, wala hawakuishi ndani yake. Walio wengi hata hawakuuona. Lakini waliujenga.

Sasa tuje siku ya tatu.

Baada ya vita kuu iliyokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu wa wafanyakazi. Sheria ya mwaka 1948 iliwapa watu wa makoloni haki ya kuingia na kukaa huko kama raia. Watu wa Jamaika na visiwa vingine vya West Indies wakaja, wajukuu wa wale wale waliosafirishwa na merikebu za Bristol. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wapatao 3,000 mjini humo, wengi wao katika mtaa wa St Pauls, kwa sababu kwingine walifungiwa milango. Walilipa kodi. Walilipa nauli. Walipanda mabasi ya mji kila siku kwenda kazini.

Lakini kuendesha basi hilo, au kukata tikiti ndani yake, hapana! Kampuni ya mabasi iliwakubali watu weusi kufanya kazi karakanani na jikoni, mahali abiria wasipowaona. Udereva na ukondakta ulikuwa wa Wazungu tu. Na ndugu wanachama, sikilizeni hili kwa makini: si mabwana peke yao waliotaka hivyo. Mwaka 1955 wafanyakazi wa mabasi, katika tawi la chama chao cha wafanyakazi, walipitisha azimio kwamba watu weusi wasiajiriwe kuwa madereva na makondakta. Waliogopa kwamba wafanyakazi wakiongezeka, malipo ya saa za ziada yatapungua. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na badala ya kumtazama aliyeupunguza, walimtazama mwenzao aliyekuja kuomba kazi. Hapo ndipo bwana hukaa akacheka. Hana haja ya kumfukuza mgeni. Watumishi wake wamekwisha kumfukuzia.

Basi watu wa St Pauls walifanya nini? Hawakulia tu. Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na wenzao waliunda baraza la kutetea maendeleo ya watu wa West Indies. Wakaungana na Paul Stephenson, afisa wa vijana, kijana aliyezaliwa Uingereza kwa baba wa Afrika Magharibi na mama Mwingereza. Stephenson alikuwa akifundisha masomo ya usiku, na mmoja wa wanafunzi wake, Guy Bailey, alikuwa na sifa zote zilizotakiwa kwa ukondakta. Stephenson akampatia nafasi ya kuhojiwa na kampuni. Kampuni ikakubali vizuri. Kisha ikaarifiwa kwamba huyu Bailey ni mtu wa West Indies. Mara moja mahojiano yakafutwa!

Sasa ubaguzi ulikuwa umeshikwa mkono mchana kweupe. Mwishoni mwa Aprili 1963 ikatangazwa kwamba watu weusi wa Bristol wanayasusia mabasi. Walikwenda kazini kwa miguu, na mji ule una vilima vinavyochosha magoti. Mimi nimevipanda najua. Wanafunzi wa chuo kikuu, Wazungu, waliandamana kuwaunga mkono. Balozi wa Trinidad na Tobago, Learie Constantine, aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa kriketi, alipaza sauti. Harold Wilson na Tony Benn wa chama cha Labour walisema jambo hili ni aibu. Hayo yalikuwa mwaka 1963. Tanganyika ilikwisha kuwa huru, na Kenya na Zanzibar zilikuwa zikingoja mwezi wa Desemba. Bendera za watu weusi zilikuwa zikipandishwa Afrika, na huko Bristol mtu mweusi hakuruhusiwa kupiga kengele ya basi.

Ilichukua miezi minne. Tarehe 27 Agosti wafanyakazi wa mabasi wapatao 500 walikutana, wakakubali kuuondoa ubaguzi. Kesho yake, tarehe 28 Agosti 1963, kampuni ikatangaza kwamba haitatazama tena rangi ya mtu. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, Martin Luther King alikuwa akihutubia umati mjini Washington. Mwezi wa Septemba Raghbir Singh, Singasinga, akawa kondakta wa kwanza asiye Mzungu mjini Bristol. Mwaka 1965 Bunge la Uingereza likapitisha sheria yake ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi mahali pa watu wote, na mwaka 1968 ikapanuliwa ifike kwenye kazi na nyumba. Mwaka 2013 chama cha wafanyakazi kilichorithi kile cha zamani kiliomba radhi.

Ndugu mmoja kijana katika tawi letu aliponisikia nikisimulia haya aliniambia, "Mwalimu, hayo ya mikutano na makamati ni ya wazee. Sisi tulisikia habari ya ile sanamu. Walifunga kamba, wakavuta, ikaisha!"

Anasema sanamu ya Edward Colston. Huyu alikuwa mmoja wa viongozi wa kampuni iliyokuwa na ule ukiritimba wa kuuza watu. Yakadiriwa katika miaka yake ndani ya kampuni hiyo Waafrika wapatao 84,000 walisafirishwa, na 19,000 wakafa njiani. Alitoa sadaka nyingi mjini, na mwaka 1895 wakamsimamishia sanamu yenye maneno ya kumsifu kuwa mwema na mwenye hekima. Tarehe 7 Juni 2020 umati uliiangusha, ukaiviringisha mpaka gatini, ukaitupa majini. Ilianguka karibu na daraja dogo lililopewa mwaka 1999 jina la Pero, mtumwa aliyeletwa Bristol na bwana wake kutoka kisiwa cha Nevis. Leo sanamu imelazwa chali katika jumba la makumbusho la mji, na rangi iliyomwagiwa haikufutwa. Nilikwenda kuitazama. Sikuihurumia.

Nami nakiri jambo moja mbele ya kijana yule: kwa miaka mingi watu wa Bristol walikuwa wameomba kwa barua na kwa majadiliano, walau yawekwe maneno ya kweli chini ya sanamu ile, na mwaka 1895 ukabaki kusimama katikati ya mji wao. Uvumilivu peke yake si kazi. Barua zisizo na nguvu ya watu nyuma yake huliwa na mchwa.

Lakini namwuliza kijana wetu: kesho yake asubuhi, tarehe 8 Juni, nani alipata kazi kwa sababu sanamu ilikuwa majini? Nani alipata chumba? Mimi mwenyewe, miaka baada ya sanamu ile kuanguka, nilimpigia simu mwenye nyumba mmoja katika mji ule. Akaniambia chumba kipo, njoo sasa hivi. Nilipofika mlangoni akanitazama usoni, akasema kimechukuliwa dakika hii. Sina ushahidi wa kumshtaki. Nilisimama barabarani na mfuko wangu, nikamkumbuka Guy Bailey. Sanamu huanguka mara moja. Mlango hufunguliwa na watu walioandikishana majina, waliochanga senti, waliokubaliana kutembea kwa miguu miezi minne bila hata mmoja kupanda basi kwa siri usiku. Kususia kwa siku moja ni sherehe. Kususia kwa miezi minne ni chama.

Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa wanachama. La pili ni chungu zaidi, nami naomba nisamehewe.

Sisi nasi tuna miji ya bandari. Dar es Salaam, Mombasa na Tanga ilijengwa na wageni wa siku ya tatu: watu wa bara walioshuka kubeba magunia gatini, waliolala kumi katika chumba kimoja. Mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 ulifanywa na watu wa makabila mengi waliokubali kuitwa jina moja, wafanyakazi. Basi mbona leo, mpangaji akibisha hodi, mwenye nyumba wetu aanza kuuliza, "Wewe kabila gani?" Mbona mkubwa wa ofisi atafuta mtu wa kwao kabla ya kutafuta mtu wa kazi? Mbona kijana anayesukuma mkokoteni hulaumiwa na mwenziwe mwenye mkokoteni kwamba amekuja kumnyang'anya riziki, na huku aliyepanga bei ya mzigo hatajwi? Azimio la 1955 la Bristol halikuandikwa na watu wenye pembe. Liliandikwa na wafanyakazi wenye njaa, wenye watoto, waliokwenda kanisani Jumapili. Watu kama sisi.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila tawi, katika mkutano wake ujao, lisitosheke kusoma taarifa ya ada. Liulize jambo moja: katika mtaa wetu huu, nani amefika akanyimwa jembe? Atajwe. Kazi gani, chumba gani, kwa sababu gani. Kisha tawi lichague watu watatu waende wakaseme na mwenye mlango huo kwa adabu. Akikataa, warudi walieleze tawi zima, na tawi lijue la kufanya. Haidhuru ikichukua miezi minne.

Mji usipimwe kwa madaraja unayomwonyesha mgeni wa siku mbili. Upimwe kwa asubuhi ya siku ya tatu, mgeni anapoamka, akanawa uso, akauliza, "Jembe liko wapi?"

Ndugu wanachama, tuwe na jibu.