CHETI CHA KUZALIWA HAKITAFUTWI SIKU YA MATOKEO

Ndugu wanachama na wanakijiji wa Mkwaja,

Leo ubao huu unasema na wazazi wenye watoto sekondari. Atakayekasirika na akasirike, ila asome mpaka mwisho.

Tuna ugonjwa wa "subiri kwanza afaulu". Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai tunapiga vigelegele, halafu ndo tunaulizana: cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Hivi nani kati yetu hushona jarife samaki wameshaingia?

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haimjui mtoto wetu kwa sura. Inamjua kwa karatasi. Mwaka 2024 ilifungua maombi Juni 1, na miezi hiyo ndiyo vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wako kambini JKT. Mtoto yuko kwenye gwaride, baba yuko baharini, karatasi haipo. Nani ataomba?

Basi kazi ianze kidato cha tatu, hivi:

1. Cheti cha kuzaliwa. Kinafuatwa wilayani, ng'ambo ya mto Pangani, kisha lazima kihakikiwe na RITA. Si kazi ya asubuhi moja.

2. Jina. Nyumbani Mwanaidi, shuleni Mwanahidi, kwenye cheti jina la babu jingine. Jina likishasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakaloandikwa kwenye cheti chake. Mzazi, nenda shule ukalitazame kabla ya usajili, si baada yake.

3. Cheti cha kifo. Hapa tunawadhulumu yatima. Tunazika, tunasoma hitima, tunatawanyika, cheti hakuna anayekumbuka. Miaka inapita, mtoto anaomba mkopo kama yatima, na kwenye karatasi baba yake bado yu hai!

4. Masomo. Tangu mwaka 2022 upo ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita. Huo si mkopo, haulipwi. Lakini anayeikimbia fizikia na hesabu kidato cha tatu amejitoa mwenyewe, na mzazi aliyemwacha akimbie amemsindikiza.

Wapo wanaosema, "Ah, mikopo ni ya kujuana." Kwani wewe uliomba ukanyimwa, au hukuomba? Asiyetupa mshipi asiilaumu bahari.

Wengine wanaogopa deni, ati shamba la minazi litauzwa. Shamba haliwekwi rehani. Deni ni la kijana mwenyewe, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Na wale waliokataa kwa sababu ya riba wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni, ilifutwa mwaka 2021. Anayetaka kukataa akatae kwa habari ya leo, si kwa uvumi wa zamani.

Viongozi nao hawaponi. Fomu ya mkopo inataka sahihi na mhuri wa serikali ya kijiji. Mhuri usifungiwe kabatini ikawa mtoto anazungushwa "njoo kesho" mpaka tarehe inapita. Na sisi ushirika tunaoweza kuchangishana kwa mashua hatujapata kuchangishana nauli ya mtoto kufuata cheti. Aibu hiyo ni ya wote.

Tunadai mambo mawili mkutano mkuu ujao: orodha ya watoto wote wa kidato cha tatu wasio na vyeti, na mfuko mdogo wa nauli ya kuvifuata. Asiyetaka asimame aseme mbele ya wazazi wenzake.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Huyu ni wetu, na Julai haiko mbali.

Kamati ya Elimu ya Ushirika